Ukimya wa Daruma: Kisakale katika Mchoro wa Sesshū

Mchoro wa wino wa Sesshū wa mwaka 1496, unaoonyesha Huike akimtolea Daruma mkono wake, ni rahisi kusomwa kama sifa ya utiifu. Usomaji huo haukidhi. Kwa mujibu wa kisakale cha madhehebu ya Zen, Daruma alikaa miaka 9 akiukabili mwamba. Huike, baada ya kukataliwa, alijikata mkono kuthibitisha nia yake, akakubaliwa, na hatimaye akamrithi. Sesshū, mtawa wa miaka 77 (sahihi yake mwenyewe yautaja umri huo), hachori kukata wala kukubaliwa. Anateua kitambo kilicho kati: mkono umekwisha kutolewa, jibu halijatolewa.

Uzito wa uteuzi huu umo katika mistari yenyewe. Joho la Daruma limezungushiwa mstari mpana wa wino hafifu, karibu bila mikunjo, hata mwili wake waonekana kama pengo katikati ya miamba yenye kingo kali na wino mzito. Jicho lake limekodolewa, ila si kwa Huike. Huike naye, aliyebanwa pembeni chini, hana bashasha ya mwongofu. Kipaji chake kimekunjamana. Macho yao hayakutani.

Kwa mtazamaji ajuaye mwisho wa kisa, ukimya huu ni wa mpito tu. Kwa Huike wa mchoroni haujawa hivyo. Hapo ndipo Sesshū anapoachana na wasimulizi wa habari za watakatifu, ambao hukimbilia mno hatima: anaiacha gharama ionekane kabla ya thawabu, wala hamwondolei mwalimu lawama.