Kazimoto Alikuwa Anaumwa, au Ndivyo Alivyo?

Ukisoma fasihi ya Kiswahili chuo kikuu hapa Tanzania, utakutana na Kazimoto akiwa tayari amevishwa lebo shingoni. Lebo inasema: udhanaishi. Utaelezwa kwamba mhusika mkuu wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974, ni msomi anayeona maisha hayana maana, na kwamba fikra hizo zina undugu na falsafa ya Ulaya. Unaandika kwenye daftari, unajibu mtihani, unafaulu. Kazimoto anabaki humo humo daftarini, hana damu.

Siku hizi imekuja lebo ya pili. Wasomaji wa rika langu, tuliozoea kusikia habari za afya ya akili redioni na kwenye simu zetu, tukimsoma Kazimoto tunasema haraka: huyu jamaa ana sonona, mbona iko wazi? Hoja yangu ni kwamba lebo zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote mbili zinatuondoa mbele ya mtu huyu kabla hatujamaliza kumtazama. Riwaya yenyewe, kuanzia jina lake, inalijua hilo kuliko sisi.

Kwa ambao hamjaisoma, muhtasari ni huu, na itabidi nitaje mwisho wake. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na ndiye anayesimulia. Manase, mwenzake wa tangu utotoni, amesoma na kupata cheo serikalini. Manase anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, kisha anamtelekeza. Rukia anakufa, na mama yao naye anakufa. Kazimoto anaazimia kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, lakini kisasi kinageuka kuwa mapenzi, nao wanaoana. Ugonjwa wa watoto kuzaliwa na kichwa kikubwa unaingia kwanza nyumbani kwa Manase, kisha kwa Kazimoto. Mwishoni Kazimoto anajiua.

Hebu tuanze na lebo ya udhanaishi. Ni kweli Kazimoto anabishana kuhusu Mungu, kifo na maana ya kuishi, na anabishana vizuri. Shida ni kwamba tukilitumia neno hilo peke yake, kifo chake kinakuwa hitimisho la hoja, kama vile alikaa mezani akapiga hesabu na jibu likatoka sifuri. Mtu aliyezika dada na mama hapigi hesabu kwa utulivu wa namna hiyo. Katika uhakiki mwingi niliousoma, vifo hivyo viwili vinapita kama matukio ya ploti, wakati falsafa inapewa kurasa na kurasa. Yaani msiba umekuwa mfano wa fikra, badala ya fikra kuwa namna mtu alivyoubeba msiba.

Basi ni sonona? Kwa vigezo vya kitabibu, mtu awe na huzuni, au akose hamu ya mambo aliyokuwa akiyafurahia, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na dalili nyingine: usingizi kuharibika, hamu ya kula kubadilika, mwili kukosa nguvu, kujiona hufai, mawazo ya kifo. Ukiwa na kalamu nyekundu utapata mengi ya kupigia mstari kwenye Kichwamaji. Lakini utabaki na mengi ambayo hayaingii kwenye orodha. Dharau yake kwa watu ni moja. Ule ulimi mkali ni wa pili. La tatu ndilo zito: mpango wa kumtumia mwanamke ambaye hajamkosea kitu ili amuumize kaka yake. Hilo si dalili ya ugonjwa wowote. Ni uamuzi, tena wa mtu mwenye akili timamu. Tukisema "alikuwa anaumwa" na kuishia hapo, tumemfuta Sabina.

Hili kwangu si zoezi la darasani. Miaka miwili iliyopita daktari aliniambia nina sonona, akaniandikia dawa na kunipangia siku za mazungumzo. Neno lenyewe lilinisaidia. Kusonona ni kitenzi cha zamani chenye maana ya kuumia ndani kwa ndani, na nilijisikia nimepewa kitu cha lugha yangu. Ila mdogo wangu, siku moja tukiwa jikoni, aliniuliza bila kuzunguka: "Dada, hiyo ya kukaa kimya siku nzima ni sonona au ndivyo ulivyo?" Sikuwa na jibu. Nimekuwa mkimya tangu utoto. Bibi alikuwa anasema nimezaliwa na maneno machache kwa hiyo nayatumia kwa bajeti.

Nililipeleka swali lile kwa daktari. Alichofanya ni kuniuliza kuhusu tarehe. Hulka, alisema, haina siku ya kuanza, ukirudi nyuma utaikuta hadi shule ya msingi. Ugonjwa mara nyingi una kabla na baada, na watu wa nyumbani huuona kabla yako. Ukimya wangu ulikuwa wa siku zote. Kuacha kusoma vitabu, mimi ninayekula kwa kazi ya kusoma na kuandika, kulikuwa na mwezi wake.

Nikarudi kwenye Kichwamaji na swali hilo la tarehe, na hapo ndipo riwaya ilinifungukia. Dharau ya Kazimoto haina tarehe. Tunakutana nayo mapema, kabla ya misiba. Hiyo ni hulka, na kwa kiasi fulani ni elimu: kijana aliyetolewa kijijini akafundishwa kuwatazama watu wake kutoka juu. Huzuni yake ina tarehe. Lakini Kezilahabi amefanya jambo gumu: amempa Kazimoto usimulizi wote, na sauti inayotusimulia kabla ya msiba ni ile ile baada yake, kavu, erevu, yenye kejeli. Mtu anabadilika huku sauti haibadiliki. Ndiyo maana walio karibu naye hawashtuki, na ndiyo maana sisi wasomaji tunaendelea kucheka utani wake hadi tumechelewa. Ujuzi wake wa kujieleza ndio unaotuzuia kumwona.

Sasa tazama jina la kitabu. Kwa mazungumzo ya kawaida, "kichwa maji" ni mtu mjinga, asiyesikia, ambaye ukimwambia hili anafanya lile. Hiyo ni tabia, na kwa tabia watu hukulaumu. Lakini kichwa kujaa maji ni ugonjwa halisi: maji yanayouzunguka ubongo yanakosa njia, yanajikusanya, na kichwa cha mtoto kinakua kupita kiasi. Leo hospitali zetu huufanyia upasuaji, mara nyingi kwa kuweka mpira mwembamba wa kuyatoa maji hayo. Mtoto mchanga huwezi kumlaumu. Kezilahabi amechukua neno moja ambalo upande mmoja ni lawama na upande wa pili ni huruma, akaliweka juu ya jalada, kisha akakataa kutuambia tusome upande upi. Nadhani hakuwa anacheza na maneno tu. Mara nyingi ndivyo mtu anavyoonekana kwa ndani: lawama na huruma zikiwa zimeshikana.

Sisemi riwaya haina kasoro. Vifo vinafuatana kwa kasi hadi unahisi mkono wa mwandishi ukisukuma. Kasoro kubwa zaidi ni Rukia na Sabina, ambao tunawajua kwa yale tu wanayomfanya Kazimoto ahisi. Katika Rosa Mistika ya 1971, iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, Kezilahabi alimtendea haki zaidi Rosa. Naye anajiua, lakini tunaona anavyofinyangwa kidogo kidogo, kuanzia ukali wa baba yake Zakaria, hadi tunaelewa woga wake ulianzia wapi na uhuru wake uliharibikia wapi. Rosa ana tarehe. Sabina hana hata moja.

Tukumbuke pia Kazimoto angekwenda wapi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, ilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mirembe, hospitali ya Dodoma, hadi leo kwenye vijiwe vyetu inatajwa kama tusi: "Umetoroka Mirembe?" Mtu aliyesema wazi kwamba anataka kufa alikuwa na uchaguzi kati ya polisi na kichekesho. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho cha sheria yao kinakiuka Katiba. Imechukua zaidi ya miaka 50 tangu Kichwamaji itoke kwa mahakama ya jirani kusema hivyo.

Kwa hiyo, tafadhali, mkimfundisha Kazimoto, msiuache udhanaishi, na sonona nayo msiiogope. Ila muulizeni kwanza alikuwaje kabla, na nini kilibadilika, na nani alikuwa karibu wakati kinabadilika. Mdogo wangu, ambaye hajawahi kusoma uhakiki hata ukurasa mmoja, aliuliza swali hilo akiwa anamenya vitunguu. Ndani ya Kichwamaji watu wanabishana na Kazimoto, wanamwogopa, wanampenda. Hakuna anayemuuliza hivyo.