Mgeni Asiyeshurutishwa Kula

Pwani yetu upendo hupimwa kwa sahani. Mgeni akisema ameshiba, mwenyeji humwongezea. Mtoto akifunga mdomo, bibi humlaza mapajani na uji unapita tu, apende asipende. Ndiyo maana nausifu ufundi wa kumlisha nyoka mchanga aliyegoma: unakwenda kinyume na adabu zote za jikoni tulizolelewa nazo.

Kwa kawaida sifa za nyoka huenda kwa wanaomshika. Wayeye wa Usukumani wamejijengea jina kwa ngoma zao za chatu, na anayewatazama hushangaa ujasiri. Lakini ujasiri unamaliza kazi yake pale nyoka anapoingia bandani. Baada ya hapo lazima ale. Walijua hilo waliofungua bustani ya nyoka ya Nairobi mwaka 1961, na James Ashe, aliyeanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu mwaka 1980. Dawa ya kumtibu aliyeumwa huanzia kwenye sumu iliyokamuliwa kutoka kwa nyoka hai, na nyoka anayekonda kwa kususa chakula hamfai mkamuaji wala mgonjwa.

Fundi wa kwanza wa kazi hii ni chatu mwenyewe. Watafiti wa Afrika Kusini wamemwona chatu jike akikaa na watoto wake pangoni kwa takriban wiki mbili baada ya mayai kuanguliwa. Hawaletei hata mende. Huota jua mchana, kisha hurudi kuwapa joto usiku. Watoto hawana njaa bado. Kiini cha yai kingali matumboni mwao, na kwa kawaida hawawindi mpaka wajivue gamba la kwanza. Anayemletea panya chatu wa siku tatu anagonga mlango wa mtu aliyekwisha kula.

Kwa hiyo mlishaji huanza na joto. Bila joto tumbo la nyoka halisagi nyama, naye hukataa kabla hajala cha kumwozea tumboni. Hapo Dar es Salaam inatupendelea: Januari na Februari chumba cha kawaida Kariakoo kinatoa bure kile ambacho mfugaji wa London anakinunua kwa taa na umeme. Ila kipupwe kikiingia, au boksi likiwekwa chini ya kiyoyozi cha fleti ya Kivukoni, mgomo huanza, na mwenye nyoka hudhani ni ugonjwa.

Baada ya joto ni faragha. Boksi dogo lenye kifuniko na kificho cha kumbana mwili pande zote humtuliza kuliko tangi kubwa la kioo linalotazamwa na watoto wa mtaa mzima. Asishikwe ovyo. Macho yakipata ukungu, ujue anajiandaa kujivua gamba, muache.

Ndipo inakuja zamu ya panya, na hapa ufundi unakuwa mtamu. Chatu ana vishimo midomoni vinavyohisi joto, kwa hiyo panya aliyetoka kwenye jokofu hupashwa kwa maji ya moto mpaka awe na uvuguvugu wa kiumbe hai. Ulimi nao huokota harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilichomo katika paa la mdomo. Wapo nyoka wadogo ambao kwao chakula ni mjusi, na panya hawamtambui kabisa. Fundi humsugua panya kwa mjusi kafiri wa ukutani, kisha humshika kwa koleo refu, gizani, akimtikisa kidogo. Ana nafasi chache tu. Nyoka akirudi nyuma, koleo linaondoka, na kesho hakuna kujaribu tena. Anaachwa siku kadhaa.

Kuna spishi zisizobembelezeka. Nyoka mla mayai, ambaye mifupa ya shingo yake hupasua ganda, hatagusa panya maisha yake yote, na kinda lake linahitaji mayai ya ndege wadogo mno. Kumjua ni kukubali kwamba pengine hukupaswa kumchukua.

Panya wa mitaani si wa kutumia. Kariakoo vipaza sauti vya wamachinga vinatangaza dawa ya panya, mende na kunguni kuanzia asubuhi, na panya aliyekula sumu hiyo anaweza kuipitisha kwa atakayemla. Na panya hai mwenye meno, akiachwa bandani usiku, humtafuna nyoka asiye na njaa.

Mizani ndiyo inayomtenga fundi na mwenye wasiwasi. Nyoka anayesusa huku uzito wake umesimama hana shida ya kutibiwa. Uzito ukianza kushuka mfululizo, hapo aitwe daktari wa mifugo anayewajua reptilia. Kumfungua mdomo na kumsukumia chakula ni hatua ya mwisho kabisa: huchubua fizi, humtia hofu, na mara nyingi kilichoingizwa hutapikwa.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inadai kibali kwa anayemweka mnyamapori kama chatu, na kazi yenyewe inaonyesha sababu: haimfai anayetaka kupendwa. Nyoka akila hatakushukuru, na siku mbili zinazofuata hutakiwi hata kumgusa, asije akatapika. Sisi tuliozoea kusikia mgeni akisifia pilau tunaona huo ni uchoyo. Kwangu ni ukarimu uliokomaa: kumwandalia mwingine kila kitu ili aweze kula, kisha kumwachia yeye mwenyewe uamuzi wa kufungua mdomo.