Asilimia ya Nini? Uhakiki wa Lugha ya Hesabu za Mafumbo Kuhusu Taka za Nyumbani

Tangu Kiswahili kifanywe lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 1967, istilahi za hisabati zimepata nafasi ambayo istilahi za taaluma nyingine nyingi hazijaipata: hutumiwa kila siku na watoto. Ubora wake basi haupimwi katika orodha peke yake, bali ndani ya sentensi. Makala haya yanahakiki sentensi za namna moja, yaani zile za hesabu za mafumbo zenye asilimia zaidi ya moja, na yanachukua mfano wa taka za nyumbani kwa kuwa ni jambo ambalo kila mwanafunzi analiona kwao.

Neno lenyewe, *asilimia*, halina kasoro. Katika hisabati ya shule, sehemu huwa na kiasi juu na asili chini. Likisomwa hivyo, asilimia ni sehemu ambayo asili yake ni mia, na jina linajieleza. Lakini istilahi njema haiwezi kuiokoa sentensi iliyoharibika. Tulitazame swali lifuatalo, ambalo tumelitunga kwa kufuata desturi ya maswali ya aina hii:

"Kaya moja hutoa kilo 20 za taka kwa juma. Asilimia 60 ni taka zinazooza. Asilimia 75 yake hutiwa katika shimo la mboji. Asilimia 25 ya zilizobaki huuzwa kwa wanunuzi wa chupa na vyuma chakavu. Je, ni kilo ngapi zinazopelekwa jaani?"

Tuanze na *yake*. Je, ni asilimia 75 ya taka zote au ya zinazooza? Hapa mwanafunzi anaokolewa na hesabu, si na lugha: asilimia 75 ya kilo 20 ni kilo 15, na kilo 15 za mboji haziwezi kutoka katika kilo 12 zinazooza. Kama mtunzi angeandika asilimia 50, kilo 10 zingeingia vizuri katika kilo 12, na kosa lingepita kimya.

Tatizo kubwa zaidi liko katika *zilizobaki*. Baada ya kilo 9 kutiwa shimoni, zilizobaki zaweza kuwa kilo 11 za taka zote, au kilo 8 za taka zisizooza, au kilo 3 za taka zinazooza. Asilimia 25 ya viwango hivyo ni kilo 2.75, kilo 2, na kilo 0.75, na jaani zitapelekwa kilo 8.25, kilo 9, au kilo 10.25. Usomaji wa tatu unakataliwa na maisha yenyewe, kwani mnunuzi wa chupa hanunui maganda ya ndizi. Miwili ya kwanza inasimama sawasawa. Mwanafunzi aliyejibu 8.25 na aliyejibu 9 wote wamepiga hesabu bila kosa, lakini mmoja wao atakatwa alama.

Chanzo cha utata huu kimo katika sarufi yetu. *Taka*, *kilo* na *asilimia* ni majina ya ngeli moja, na yote huchukua *zi-* katika wingi. Upatanisho, ambao kwa kawaida humwongoza msomaji wa Kiswahili moja kwa moja hadi kwenye jina linalokusudiwa, hapa hauwezi kubagua chochote. Dawa nayo imo humo humo: mtunzi achague jina la ngeli nyingine, au alirudie jina. Twapendekeza hivi:

"Kaya moja hutoa kilo 20 za taka kwa juma. Asilimia 60 ya uzito huo ni mabaki ya chakula, na nyingine zote ni taka kavu. Asilimia 75 ya mabaki ya chakula hutiwa katika shimo la mboji. Asilimia 25 ya taka kavu huuzwa. Kila kisichotiwa shimoni wala kuuzwa hupelekwa jaani. Je, ni kilo ngapi zinazopelekwa jaani?"

Sasa jibu ni moja: kilo 3 za mabaki na kilo 6 za taka kavu, jumla kilo 9, yaani asilimia 45 ya taka zote. Hatua za hesabu hazikupunguzwa hata moja.

Wapo watakaosema kuwa fumbo sharti lisumbue. Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Lakini fumbo la wahenga lina ufumbuzi mmoja uliofichwa, ilhali swali lenye majibu mawili halina cha kuganguliwa. Ugumu wa hesabu na ukae katika hesabu.

Madhara hayaishii shuleni. Mtafsiri wa taarifa za halmashauri hukutana na *kwa* na *hadi* kila mara. Taka za kilo 20 zikipungua *kwa* asilimia 40 hubaki kilo 12. Zikipungua *hadi* asilimia 40 hubaki kilo 8. Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2018, ilikadiria kuwa taka ngumu za mijini duniani zilikuwa tani bilioni 2.01 mwaka 2016, na kwamba zitafika tani bilioni 3.40 mwaka 2050. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 69. Atakayeandika kuwa taka "zitaongezeka hadi asilimia 69" amesema, pasipo kukusudia, kuwa zitapungua kwa karibu theluthi moja. Bajeti ya magari ya taka haiwezi kupangwa juu ya sentensi kama hiyo.

Jambo la mwisho ni *kaya*. Kwa ofisa wa takwimu wa Tanzania neno hili lina maana ya watu wanaoishi na kula pamoja. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni makazi matakatifu ya wazee yaliyomo msituni. Kitabu kitakachosomwa pande zote mbili kinafaa kulieleza mara ya kwanza linapotokea.

Kwa hiyo twapendekeza kwa watunzi, watahini na wafasiri: kila asilimia ifuatiwe na *ya* pamoja na jina la kitu kizima, *yake* na *zilizobaki* visitumiwe mahali ambapo majina mawili ya ngeli moja yametangulia, na *kwa* na *hadi* vikaguliwe kwa kupiga hesabu kabla ya andiko kupelekwa mtamboni.