EL34 au 6L6: tunalinganisha valvu, au tunalinganisha kelele?

Ukikaa na wapiga gitaa nusu saa tu, utausikia ubishi huu: valvu ya EL34 ina mlio wa Kiingereza, 6L6 ina mlio wa Kimarekani. Ya kwanza inakwaruza vizuri, ya pili ni safi na besi yake imeshiba. Hata mimi niliamini hivyo kwa miaka. Juzi rafiki yangu, aliyekuwa mbioni kununua seti nzima ya EL34, alichomoa 6L6 kwenye amplifaya inayokubali aina zote mbili, akachomeka EL34 za kuazima, akapiga kipande kilekile. "Umesikia?" Nilisikia. Ila nilisikia nini hasa?

Valvu hizi za mwisho ndizo zinazoisukuma spika kupitia transfoma. Volti ndogo kwenye gridi inaongoza mkondo mkubwa. Sasa, EL34 ni nyepesi kuamka: kwa kila volti 1 kwenye gridi, mkondo wake hubadilika karibu mara mbili ya ule wa 6L6GC. Kwa hiyo ukiacha kitasa cha sauti palepale, EL34 inafika kikomo mapema na kuanza kukata vilele vya mawimbi. Hapo hujalinganisha valvu mbili, umelinganisha viwango viwili vya kusukumwa.

Sikio nalo hutudanganya. Sauti ikizidi kidogo tu, hata desibeli 1, mara nyingi hatusemi "imekuwa kubwa", tunasema "imekuwa tamu".

Historia nayo haikubaliani na lebo hizo. JTM45, amplifaya ya kwanza ya Marshall, ilifuata kwa karibu sana mchoro wa Fender Bassman, na zile za mwanzo kabisa zilitumia 5881, ndugu wa 6L6! EL34 zilikuja baadaye. Kumbe "Uingereza" ilianza na valvu ya Kimarekani, ila spika zilikuwa za Celestion.

Sisemi tofauti haipo. Ukizisukuma hadi mwisho, EL34, ambayo ni pentodi, na 6L6, ambayo ni tetrodi ya miale, hazipindi wimbi kwa namna moja. Lakini ulinganisho wa haki unataka kazi: rekodi gitaa mara moja na ulipitishe tena na tena, rekebisha bayasi kwa kila aina, sawazisha sauti kwa kupima volti kwenye spika, na msikilizaji asiambiwe ipi ni ipi.

Tulijaribu hivyo jioni ileile. Zikiwa zimesukumwa sana, rafiki yangu bado alisikia tofauti. Kwenye sauti safi alikisia, akakosea, akacheka.

Tahadhari moja, jamani: usibadilishe kiholela. Filamenti ya EL34 inakula ampea 1.5, ya 6L6GC ampea 0.9. Kwa valvu 4 hiyo ni ampea 6 badala ya 3.6, na transfoma isiyotengenezwa kwa mzigo huo inaweza kuungua. Humo ndani kuna volti zaidi ya 400, na kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya kuzima. Mwachie fundi.

EL34 zile alizirudisha kwa mwenyewe. Hela ya seti bado anayo, na sasa anataka kujaribu spika nyingine kwanza. Nadhani ameanza mahali sahihi.