Kocha Asiyetaka Kuaga

Nimeitazama mara tatu Some Kind of Monster (2004), filamu ya Joe Berlinger na Bruce Sinofsky kuhusu Metallica. Mpiga besi Jason Newsted ameondoka, James Hetfield anakwenda kutibiwa ulevi, na kocha Phil Towle analipwa dola 40,000 kwa mwezi ili awapatanishe. Wengi hucheka bei. Mimi hunasa pale bendi inapomwambia inatosha, naye anapinga: eti bado hawaaminiani. Alishaanza hata kuwapendekezea mashairi! Hapo Hetfield na Lars Ulrich, waliozozana karibu filamu nzima, wanajikuta upande mmoja. Towle angeweza kuuita huo ushindi wake. Lakini kamera inabaki usoni pake, nami naona mtu anayeachishwa kazi.