Noah ya Mpanda Ina Waundaji Wawili

Toyota Noah ikisifiwa, sifa zote hupelekwa Japani. Nusu yake ni haki. Nissan ilipotoa Prairie mwaka 1982 na Mitsubishi ikatoa Chariot mwaka 1983, wahandisi wa huko walionyesha kuwa familia nzima huenea katika safu tatu za viti bila gari kuwa basi. Injini na magurudumu yanayosukuma vyote viliwekwa mbele, shafti ikaondoka chini ya abiria, sakafu ikashuka. Noah ya kwanza, ya Oktoba 1996, haikufuata njia hiyo: injini ya lita mbili ilikaa chini ya viti vya mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyosukuma. Mwaka 2001 Toyota yenyewe iliuacha mtindo huo. Gari lililopitwa na wakati kwao, basi, ndilo lililopata ujana wa pili Mpanda, mkoani Katavi, na ujana huo limepewa na mafundi wa gereji.

Reli ilipofika Mpanda mwaka 1950 ilifuata madini ya risasi, ikaishia hapo. Anayekwenda Majimoto au Karema na gunia lake la mpunga hutegemea barabara, na barabara ya vumbi na matope haikuwamo katika hesabu za Toyota. Fundi ndiye huiingiza: hubadilisha springi, huchomelea keria juu ya paa, hufunga bamba la chuma kuikinga injini. Kisha kuna injini yenyewe, iliyofichwa mahali ambapo mkono hufika kabla ya jicho. Siti hukunjwa, kifuniko hufunuliwa, na kazi kubwa hufanywa kwa kupapasa na kusikiliza. Gari likichemsha, fundi wa pupa hukimbilia kufungua silinda hedi (na bili hupanda hapohapo). Fundi hodari huanza na feni, rejeta iliyozibwa na tope, na hewa iliyonaswa kwenye mabomba ya maji. Kujua nini kianze ndiyo elimu yenyewe.

Wako watakaosema huko ni kubahatisha, na kwamba gari lililoinuliwa kupita kiasi hupinduka kirahisi. Hilo la kupinduka ni kweli, na silitetei. Lakini daktari mbaya hafuti udaktari, na fundi anayestahili sifa ni yule anayemkatalia tajiri wa gari anapotaka lizidishiwe mzigo. Wengine watasema lami imeshafika kutoka Tabora, hivyo ujanja huu umepitwa. Lami imefuata njia kuu. Vijiji vingi viko mbali nayo, na ujuzi huu bado unahitajika. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) inao utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Iupeleke kwenye gereji za Mpanda, iwapime mafundi hawa mbele ya injini iliyo chini ya siti, na watakaofaulu wapewe vyeti.