Missa Luba katika Sanduku la Santuri Kuukuu

Katika miji ya Ulaya na Amerika wako watu, wengi wao vijana, ambao siku ya mapumziko hutoka nyumbani asubuhi kwenda kuinamia masanduku ya santuri kuukuu. Hawatafuti nyimbo zinazopigwa kila siku redioni. Wanataka kitu ambacho jirani hana: kwaya ya nchi ya mbali, muziki wa sinema iliyosahauliwa, jalada lenye herufi na rangi za namna ya zamani. Wengine hununua kwa ajili ya jalada, na muziki husikilizwa baadaye. Hatuwacheki. Mtu anayetunza kitu ambacho wengine wamekitupa ametufanyia kazi sisi pia, hata kama hakutufikiria.

Maana katika masanduku hayo imo santuri moja iliyozaliwa kwetu Katanga. Jina lake ni Missa Luba. Tumeisikiliza tena na tena, na tumesoma maneno yaliyochapwa nyuma ya jalada. Tunasema wazi: muziki huu ni mzuri kuliko jalada linavyosema, na uzuri wake una sababu nyingine.

Kwanza habari yake. Padri Guido Haazen, Mbelgiji wa Shirika la Mtakatifu Fransisko, alifika Congo mwaka 1953 akakaa Kamina. Huko alikusanya wavulana wa shule wapata 45, wenye miaka tisa mpaka kumi na minne, pamoja na walimu 15 hivi. Kikundi kikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa Mfalme Baudouin. Mwaka 1958 waliimba Misa hiyo Kamina, kisha wakasafiri Ulaya, wakaimba Ubelgiji katika mwaka ule wa Maonyesho makubwa ya Bruxelles, na Uholanzi na Ujerumani pia. Kampuni ya Philips ikaitia katika santuri. Maneno yote ni Kilatini, yale yale ambayo wazee wetu waliyajua kwa moyo kabla ya Mtaguso.

Sasa jalada. Linasema kwamba muziki huu ni wa Congo tupu, haukuguswa na muziki wa Ulaya wa siku hizi. Hilo ndilo neno linalomfanya mwenye kutafuta santuri kuukuu atoe fedha mfukoni. Anafikiri amepata sauti ya kale iliyofichwa porini, na yeye ndiye wa kwanza kuisikia. Lakini Kamina ni porini? Ni mji wa reli. Njia ya kutoka Lubumbashi kwenda Ilebo inapita hapo, na mwaka 1956 reli ya kwenda Kabalo iliungwa nayo. Kulikuwa na kambi kubwa ya jeshi la Wabelgiji. Watu wa Kasai na wa Katanga walikutana huko kwa ajili ya kazi, na watoto wao wakakaa kwenye benchi moja shuleni. Misa hii imetoka kwenye benchi hilo, wala si mwituni.

Sikilizeni namna ilivyotengenezwa. Kyrie imeimbwa kwa desturi ya kasala, wimbo wa Waluba wa kulilia wafu. Katika Credo, wakifika mahali pa kusulibiwa kwa Bwana, kasala inarudi, na msikilizaji yeyote aliyewahi kukaa matangani atajua mara moja ni nani amekufa, hata asipojua neno moja la Kilatini. Sanctus imechukua namna ya wimbo wa kuagana. Agnus Dei imefuata wimbo wa Bena Lulua wa Kasai. Basi ndani ya Misa moja kuna nyimbo za makabila mbalimbali, maneno ya Roma, na watoto waliosimama mbele ya padri wa Ubelgiji. Hakuna kilicho kitupu hapo. Kila kitu kimechanganywa, na kimechanganywa na watu waliojua wanalofanya.

Wengi wanaipenda Sanctus kuliko zote, nasi pia. Haifiki dakika mbili. Inaanza polepole, kama watu wanaosindikiza mgeni mpaka njia panda wasitake kumwacha. Ngoma zinangoja. Halafu inafika Hosanna, na miguu haitulii tena. Tumejaribu kuisikiliza tumekaa kimya kama wataalamu, tukashindwa.

Hiyo Sanctus ndiyo iliyozunguka dunia. Gloria ilikuwa imetangulia: Pasolini, Mwitaliano, aliitia mwaka 1964 katika sinema yake ya Injili ya Mtakatifu Mateo. Lakini mwaka 1968 Lindsay Anderson alitoa Uingereza sinema iitwayo If...., habari ya wanafunzi wa shule ya bweni wanaoasi wakubwa wao kwa bunduki. Kijana mkuu wa hadithi hiyo anapiga Sanctus chumbani mwake, anairudia na kuirudia. Mwaka uliofuata sinema ilipata tuzo kubwa ya Cannes, na Sanctus ikauzwa Uingereza peke yake, katika santuri ndogo. Tangu hapo Waingereza wengi huiita sauti ya uasi. Neno hili linatuchekesha kidogo, na linatuuma kidogo. Watoto wa Kamina walikuwa wanafunzi waliopiga mstari na kuitikia kengele. Hata hivyo hatusemi kwamba Anderson alikosea kusikia. Katika Hosanna ile kuna furaha ambayo hakuna mwalimu wa zamu angeweza kuizuia.

Katika masanduku yale yale utamkuta pia Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimpata Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, na gitaa lake. Juu ya gitaa la Bosco hakuna anayeweza kudai kwamba Ulaya haikuligusa, na halikupungukiwa na kitu. Kwa nini basi kwaya idaiwe?

Kuna jambo jingine ambalo jalada linalitaja upesi mno. Misa hii haikuandikwa kwa noti. Waimbaji waliitunga pamoja, wakaongeza na kupamba papo hapo. Baadaye tu noti zilichapwa, na kwaya za nchi nyingi zikajifunza. Mwaka 1990 Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliiimba upya kwa ajili ya Philips. Ni kwaya ya watu wazima, wanaume kwa wanawake, sauti zao ni pana na zimepangwa vizuri sana. Tunawasifu. Lakini jambo ambalo kijana mmoja wa Kamina alilifanya siku moja kwa kupendezwa tu, sasa limekuwa sheria. Ukiweka santuri zote mbili, ya kwanza ina makosa zaidi, nasi tungeichukua hiyo.

Tungeichukua, lakini tungeandika jalada jingine. Katika majalada tuliyoyashika sisi, jina la Padri Haazen limo, na ni haki. Jina la Mfalme limo, ambaye hakuimba. Jina la Joachim Ngoi, mwalimu aliyeongoza kwa sauti yake, limo, nalo linastahili herufi kubwa zaidi. Ya wale wavulana hayamo. Santuri ina uso wa pili wenye nyimbo za harusi, za kazi, na ule wimbo wa askari uitwao Banaha, ambao leo huimbwa na watoto wa shule katika nchi nyingi wasiojua Kamina iko wapi. Huko nako ni kimya kuhusu nani alianza, nani aliitikia, nani alipiga ngoma.

Waliokuwa na miaka tisa mwaka 1958, kama wangali hai, wamepita sabini na mitano. Msomaji wa Kamina ambaye babu yake alikuwa mmoja wao, amwulize walisimama wangapi katika mstari wake na waliitwa nani, atuandikie. Tutayachapa majina.